Mume wangu amekuwa bahili uzeeni, nami nimechoka kuaibika

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, nina miaka 64, naishi New Jersey. Niliingia dini ya Kiyahudi kabla ya ndoa, na tuna miaka 36 pamoja. Dini tunaishika sawasawa: Sabato, chakula cha kosha kinachokubalika kidini, kila kitu. Mume wangu ana miaka 67. Alikuwa mwalimu wa shule ya Kiyahudi, sasa anafundisha siku mbili tu kwa wiki. Amegeuka, Shangazi. Wageni wa Sabato anataka wawe mara moja kwa mwezi. Anataka tuuze nyumba tukapange vyumba viwili. Pesa zake za Social Security, pensheni ya serikali ya huku, zipo, lakini hazichukui mpaka afike 70! Mimi nilianza kuchukua zangu nilipofika 62, zikasaidia bar mitzvah ya mjukuu, ile sherehe ya mvulana kuingia utu uzima wa kidini. Koti lake la sinagogi ni lile lile tangu 2009. Nahisi imani imempungua. Ijumaa iliyopita tuligombana mezani, mishumaa inawaka. Baya zaidi, rabi alimnong'oneza kwamba tukikwama kuna mfuko wa Pasaka wa kusaidia wasiojiweza, naye akashukuru! Mimi nimo kwenye kamati ya mfuko huo. Nimrudishe vipi kwenye njia? – Mama Sabato*

Marahaba, mdogo wangu. Kupungukiwa uzeeni ni kugumu, na ugenini ni kugumu zaidi. Pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiimaliza ninayemhurumia ni mumeo.

Tuanze na hizo pesa unazosema anazikataa. Huko Marekani, kila mwaka mtu anaosubiri baada ya umri kamili wa kustaafu humwongezea asilimia 8, hadi afike 70. Na mume akitangulia kufa, mjane hubaki na pensheni moja, ile iliyo kubwa. Umeelewa hapo? Mwanamume wa miaka 67 anaamka asubuhi kwenda kufundisha watoto wa watu, pesa zake anaziacha zinenepe, ili siku akiwa kaburini wewe upate kula. Huyo ndiye unayemwita bahili.

Wewe je? Umeandika mstari mmoja tu, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba ulianza kuchukua zako ukiwa na 62. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, kuanza katika umri huo ni kukatwa asilimia 30. Palipokuwa na dola 1,000 zinaingia 700, na ni hivyo kila mwezi wa maisha yako. Kwa ajili ya sherehe ya siku moja! Tena mjukuu ana baba na mama. Mumeo aliridhia? Hujasema, na kwa vile umesema mengine yote, nadhani hukumuuliza. Maji yamekwisha kumwagika, hayazoleki. Lakini usiyamwage na ya mwenzako.

Unadai imani imempungua. Kabla ya kukujibu nilimpigia simu mama mmoja Myahudi wa Nairobi, wa sinagogi ya pale University Way, maana mimi ni Muislamu wa Mombasa na sipendi kusemea dini ya mtu. Alinieleza mambo ambayo nina hakika wewe unayajua kunishinda. Kwamba katika Talmudi, kitabu cha mafundisho ya wazee wenu, Rabi Akiva alisema, afadhali Sabato yako uifanye kama siku ya kawaida kuliko kuhitaji mikono ya watu. Kwamba wazee wenu walimwekea mpaka hata anayetoa sadaka: asipite moja ya tano ya mali yake, asije naye akawa wa kuombaomba. Na kwamba riziki ya mtu mwenyewe hutangulia fungu la kumi. Basi kwa sheria yenyewe, mumeo yumo ndani ya njia. Tena mligombana juu ya pesa Ijumaa usiku, Sabato imeshaingia, wakati dini yenu siku hiyo inakataza hata mazungumzo ya biashara. Nani alianzisha?

Sikulaumu kwa chuki. Naona kitu kingine katika barua hii, na nitakisema kwa sababu nakujali. Binti wa Nakuru aliyeingia kwa watu, akajifunza baraka zao, sheria za nyama na maziwa, vyombo vya Pasaka vya kutenga, miaka 36 amekuwa akilipia kiti chake kwa sufuria. Meza ikijaa, hakuna atakayeuliza huyu ametoka wapi. Kwa hiyo meza ikipungua unaona kama unafukuzwa. Hufukuzwi. Torati imewaamuru kumpenda mgeni aliyejiunga nao, na haikuweka sharti la kuku wangapi.

Mambo haya hayako kwenu peke yenu. Hapa kwetu nimeona nyumba zinakopa dukani Ramadhani nzima ili futari ya wageni iwe na sambusa, mkate wa sinia na biriani. Idi ikipita, mwenye duka anabisha hodi na mume anajificha chooni. Ndoa za siku hizi zimeingia ugonjwa huu: watu wawili wanajua kuvaa sare kwenye sherehe, lakini hakuna anayejua mwenziwe anadaiwa na nani. Watoto nao wamejifunza kuleta ada za wajukuu kwa wazee, wakijua mama haambiliki akiona machozi. Mama ambaye hajafika 65 hata Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hajaipata, bima analipa mwenyewe, halafu anafanywa benki! Jikune upatapo, mdogo wangu. Mgongo wa mjukuu una mikono yake.

Kuhusu ule mfuko: kilichokuuma ni kwamba mumeo alishukuru. Umekaa kwenye kamati hiyo ukigawa mikate isiyochachwa na divai, na moyoni ukiwahesabu wanaopokea kuwa watu wa chini. Jichunguze hapo. Yule mama wa Nairobi alinikumbusha maneno ya Musa bin Maimun, mwanazuoni wenu wa kale na tabibu wa Misri: mzee au mgonjwa asiyeweza kuishi bila kusaidiwa, akakataa kwa kiburi, ni kama amemwaga damu. Nyinyi hamjafika huko, na kwa hesabu za mumeo hamtafika. Kwa hesabu zako, sijui kama Pasaka mbili zitapita.

Nyumba iuzwe. Sharti lako liwe moja tu, hivyo vyumba viwili viwe mahali pa kwenda sinagogi kwa miguu, maana Sabato hampandi gari na magoti hayarudi ujana. Mara moja kwa mwezi ya wageni ikubali, na mwezi huo alika wajane kwanza, wenye meza zao wakae kwao.

Jumapili asubuhi, si Ijumaa, mwombe akuletee daftari la hesabu, nawe mpelekee barua za ada za wajukuu, kama zipo ulizomficha. Halafu chukua sindano na uzi, ukaze vifungo vya lile koti.