Tuliohama mikoa yetu tunakosa nini?

Dada uliyeuliza tuliohama mikoa yetu tunakosa nini: mimi ni wa Bukoba, kazi imenileta Dodoma, na ninachokosa kwanza ni mvua. Kwetu hunyesha karibu mwaka mzima. Huku ikishakata Aprili, mpaka Desemba ni vumbi na upepo.

Halafu senene, wale panzi wa kuliwa. Waliokaangwa wanapatikana hata mbali na kwetu Kagera, ila bei yao kali. Ninachokosa hasa ni ule usiku wa Novemba: taa kali zimewashwa kuwavuta senene, mabati yamesimamishwa wateleze, mapipa yako chini kuwapokea, watoto wamegoma kulala. Asubuhi mnakaa mkekani na mama na mashangazi kunyonyoa mbawa na miguu, na habari za ukoo zinatoka hapohapo. Mengi ninayoyajua kuhusu babu niliyasikia nikinyonyoa senene. Wanangu hawana mahali pa kuyasikia, na hilo linaniuma kweli.

Ndizi tunapata, ingawa zimechoka na safari. Kahawa ya kutafuna huwa naagiza kwa wanaotoka nyumbani, maana mgeni akiondoka bila kupewa kahawa naona sijamkaribisha.