Ndama ana minyoo? OTC si dawa yake

Pole ndugu. Umeuliza kama umchome sindano ya OTC (oksitetrasaiklini) ndama wako wa miezi 3 anayeharisha, ana kitambi na manyoya yamesimama. Usimchome; dalili hizo huenda ni za minyoo. OTC ni antibiotiki ya bakteria, haigusi minyoo. Mpime kifua kwa utepe wa kukadiria uzito wa ng'ombe, kisha mnyweshe dawa ya minyoo, albendazoli, miligramu 7.5 kwa kila kilo: ndama wa kilo 80 ni mililita 6 za dawa ya asilimia 10. Ukikisia kwa macho ukampunjia, minyoo inazoea dawa. Mnyweshe taratibu, isiingie mapafuni.

Kinyesi kikiwa na damu, huenda ni koksidia (vijidudu vya utumbo, si minyoo), na albendazoli haitibu hiyo. Mwite daktari wa mifugo. OTC tukiichoma ovyo, bakteria wataizoea, na siku ndama akipata nimonia huenda isimsaidie.