Gego la mwisho limelala: maandalizi kabla ya kupasuliwa

Mtoa mada, umesema gego lako la mwisho la chini limelala ubavu ndani ya fizi, utapasuliwa wiki ijayo, na unauliza kama linauma, kama ule au usile asubuhi hiyo, na kama kesho yake utakuwa kazini. Mimi nimetolewa yote mawili ya chini, kila moja kwa wakati wake, na baadaye nikamsindikiza mama kung'olewa meno kadhaa ili awekewe ya bandia. Nitakueleza niliyoyaona na niliyoelezwa na madaktari, maana wachangiaji wengine hapo juu wamekutisha bure.

Pale kwenye kiti maumivu ni madogo. Sindano ya ganzi utaisikia, basi. Baada ya hapo unasikia kusukumwa, kukandamizwa na mlio wa mashine, kwa sababu jino lililolala halivutwi zima zima: fizi inachanwa, mfupa kidogo unapunguzwa, jino linakatwa vipande na kutolewa kimoja kimoja. Ule mlio wa kitu kuvunjika ndani ya kichwa chako mwenyewe ndio unaotisha, ingawa hauumi. Mara ya pili niliomba kuweka visikizi masikioni, daktari akacheka lakini akakubali. Kinachowatesa watu ni siku mbili tatu za nyumbani, na hizo ndizo za kujiandalia.

Kabla ya yote, una uhakika linapaswa kutoka? Uliza bila aibu. Uingereza, taasisi yao ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2000 kwamba gego la mwisho lisilo na ugonjwa lisitolewe eti kwa tahadhari tu. Ila kama fizi yako inavimba mara kwa mara na kutoa usaha, au jino limeoza, au linaharibu la jirani, basi litoe, na usisubiri uzee, maana mfupa wa kijana ni rahisi zaidi kufanyia kazi na kidonda chake hupona upesi.

Halafu ile picha ya taya zima, wenyewe wanaiita OPG. Usikubali kupasuliwa jino lililolala bila picha. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu, na wakati mwingine mizizi ya gego inaukaribia au kuugusa. Mwambie daktari akuonyeshe kwenye picha mizizi yako iko wapi na mshipa uko wapi. Ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi. Kwa wengi hisia hurudi, kwa wachache sana hairudi. Kama vinakaribiana sana, ni haki yako kuuliza kama kazi hiyo ifanywe na bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Mimi la kushoto lilikuwa karibu, nikapelekwa kwa bingwa, na sijutii kusubiri foleni.

Sasa la kula, na hapa ndipo watu wanachanganya. Kama ni ganzi ya kawaida, kula vizuri asubuhi na umeze dawa zako zote za kila siku. Ukienda na njaa, hofu ikichanganyika na njaa, unazimia kabla hata ya sindano. Kufunga ni kwa wanaopewa nusu kaputi: kwa kawaida hakuna chakula saa sita kabla, maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla, lakini fuata utakavyoambiwa na watu wa usingizi wa hospitali yako. Mama yangu ana presha. Alipangiwa ganzi tu, lakini jirani akamwambia "hospitali haendwi umekula," basi akaacha chai na akaacha na vidonge. Muuguzi alipompima presha ilikuwa juu mno, tukarudishwa nyumbani na kupangiwa tarehe nyingine. Nauli ya kutoka Mbagala ikapotea hivyo hivyo.

Usifiche ugonjwa wala dawa yoyote. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake. Daktari anaweza kuomba kipimo cha damu kwanza, na kuziacha kiholela kunaweza kuleta kiharusi. Mwenye kisukari aombe miadi ya asubuhi na sukari iwe imetulia. Mwenye valvu ya bandia kwenye moyo aseme mapema, huenda akahitaji antibayotiki kabla ya kung'olewa. Sikoseli, ujauzito, pumu, vidonda vya tumbo, sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, aleji ya penisilini, vyote vitaje. Na kama kati ya leo na siku hiyo shavu litavimba, piga simu, usisubiri tarehe: ganzi haishiki vizuri kwenye nyama yenye uvimbe na usaha, na uvimbe wenyewe unaweza kuhitaji tiba ya haraka.

Nyumbani andaa mapema, maana ukirudi na shavu limejaa hutataka kutwanga wala kuchambua. Mtori ndio ulioniokoa, ukiwa vuguvugu na umesagwa hasa, nyama uiache kwa wenye meno. Uji mwepesi, maziwa mgando, parachichi, viazi vya kupondwa, mayai laini. Wali usiuguse siku za kwanza, punje zinaingia kwenye tundu. Karanga, bisi na pilipili pia weka kando. Kingine watu hawakifikirii: dafu sawa, ila si kwa mrija. Ule mvuto wa kunyonya unaweza kuling'oa bonge la damu lililoziba kidonda, na kutema mate kwa nguvu ni vivyo hivyo. Sigara ndiyo mbaya kuliko vyote, iache kabla ya siku yenyewe na usiiguse kwa siku tatu za mwanzo angalau. Ukiiacha kabisa, hasara ni ya muuza sigara.

Barafu weka kwenye friji tangu jana yake. Ifunge kwenye kitambaa, dakika ishirini shavuni, ishirini pumzika, siku ya kwanza. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo usishtuke ukiamka kesho yake ukiwa mbaya zaidi ya jana. Na taya litakaza, kufungua mdomo itakuwa kazi.

Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha, usisubiri ukali. Niliandikiwa ibuprofeni pamoja na parasetamo, na kweli kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Ibuprofeni humezwa baada ya kula, na haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito. Parasetamo ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku kwa mtu mzima. Hapa kuna mtego wa madukani: kuna vidonge vyenye diklofenaki na parasetamo ndani ya kimoja, mtu anavimeza na kuongeza Panadol juu yake, kumbe parasetamo amemeza mara mbili. Soma karatasi. Antibiotiki meza ikiwa tu umeandikiwa, na kama ni metronidazo, pombe hapana.

Ukitoka utakuwa umeng'ata gozi. Ing'ate kwa nguvu nusu saa hadi saa moja, usiitoe kila dakika kuchungulia. Mate mekundu siku hiyo ni kawaida. Usisukutue saa ishirini na nne za mwanzo. Baada ya hapo maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi kwa glasi, taratibu, unayaacha yadondoke tu.

Kuhusu kazi: omba ED mapema, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, ya siku mbili tatu. Kama kazi yako ni ya kuongea kutwa, kama mwalimu au wa huduma kwa wateja, omba zaidi. Bodaboda siku hiyo sikushauri, kofia lenyewe litakubana shavu. Ukipewa nusu kaputi ni lazima uwe na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe chombo chochote siku nzima. Bima nayo, waulize kama inalipia upasuaji na picha, maana kung'oa kwa kawaida na kupasua huandikwa tofauti na bei zake hazifanani.

Yule aliyesema meno ya juu yakitolewa macho yanapofuka, hapana mkuu. Mishipa ya kuona haipiti kwenye meno. Tena ya juu mara nyingi hutoka kwa urahisi kuliko ya chini.

Mwisho, jua lini kurudi hospitali. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakalipuka upya kuanzia siku ya pili hadi ya nne, yakapanda sikioni na mdomo ukanuka, hilo bonge la damu limetoka. Daktari atasafisha tundu na kuweka dawa, na utapata nafuu upesi. Damu isiyokoma hata baada ya kung'ata gozi, rudi siku hiyo hiyo. Homa kali, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, rudi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, au kumeza na kupumua kukawa shida, usingoje asubuhi, nenda emajensi usiku huo huo.