Nodi ya Bitcoin nyumbani: tatizo ni data unayopakia, si Bitcoin

Mkuu, umeuliza kama mtoa huduma wa intaneti anaweza kukukatia laini kwa sababu ya nodi (kompyuta inayotunza na kukagua rekodi ya miamala ya Bitcoin), na kwa nini yako imeganda kwenye miunganisho 10 na nodi nyingine.

Kukatiwa unaweza. Mimi nilinusurika. Mwezi wa pili tangu niiwashe nilipigiwa simu: data imepita kiasi, na karibu yote ni ya kupakia, yaani inayotoka kwangu kwenda nje. Kumbe mkataba, kwenye yale maandishi madogo nisiyoyasoma, unakataza kuendesha seva kwenye laini ya nyumbani. Bitcoin haikutajwa kabisa.

Bloku mpya (mafungu mapya ya miamala) hazina shida, ni kama 144 tu kwa siku. Mlaji mkubwa ni nodi changa. Anayeanza leo anahitaji historia yote tangu Januari 2009, zaidi ya GB 600, na akikuta mlango wako 8333 (namba ya mlango wa mtandao wa nodi za Bitcoin) uko wazi anachota kwako. Nikaandika maxuploadtarget=5000 kwenye bitcoin.conf, faili la mipangilio ya nodi, yaani takriban GB 5 kwa saa 24. Ukikaribia kikomo, nodi inaacha kugawa bloku zenye umri wa zaidi ya wiki moja, ila mpya inaendelea kuzitoa. Simu hazikurudi tena.

Hiyo 10 yako ni miunganisho ambayo nodi inaianzisha yenyewe. Kutoka nje hakuna anayeingia. Angalia kwenye ruta anwani ya IP ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: wateja wengi mmebanwa kwenye anwani moja. Hapo hata ufungue milango yote ya ruta ni kazi bure (nilipoteza wiki nzima kulijua hilo). Kilichonivusha ni Tor, mtandao unaoficha anwani yako, kwa kuwa njia yake inafunguliwa kutoka ndani kwenda nje. Ila usipakulie historia yote humo, utazeeka.

Kama hujali kuhudumia wengine, baki na 10 zako. Nodi inakagua kila bloku vilevile.

Angalizo kama kifurushi chako kina kikomo: prune=550, mpangilio unaofuta bloku za zamani, inaokoa diski, haiokoi data. Zile GB 600 utazipakua zote kwanza. Ukiwa na rafiki mwenye nodi kamili, azime hiyo nodi kidogo, nakili folda ya blocks peke yake, kisha washa yako na -reindex (amri ya kuzisoma upya bloku hizo) ijikagulie upya.