Chombo kilicho kwenye sarafu ya dirhamu 1
Ukijiuliza kama chombo hicho ni birika la chai, jibu ni kwamba ni dele la kahawa, na limekuwapo kwenye dirhamu 1 ya Umoja wa Falme za Kiarabu tangu mwaka 1973, fedha hiyo ilipochukua nafasi ya dinari ya Bahrain huko Abu Dhabi na ya riyali ya Qatar na Dubai katika falme nyingine. Utazame mdomo wake mrefu uliopinda kama wa ndege; birika la chai halina mdomo wa namna hiyo. Kwenye sarafu ndogo za filsi, ambazo ni sehemu za dirhamu, filsi 50 ina minara mitatu ya mafuta, filsi 25 ina swala, na filsi 10 ina jahazi, ambalo kwangu ndilo lililochorwa vizuri kuliko yote. Ukionyeshwa sarafu ya dirhamu 1 iliyo kubwa zaidi, hujadanganywa, kwani mwaka 1995 dirhamu 1 na filsi 50 zilipunguzwa ukubwa, na filsi 50, iliyokuwa duara, ikapewa pembe saba, ingawa picha zilibaki zilezile. Uwe mwangalifu tu na tarakimu za Kiarabu zilizo kwenye sarafu hizi: kiduara kinachofanana na sifuri yetu ni tano, na sifuri yenyewe ni nukta.