Safu ya Safari: Kijiji cha milimani Italia bila gari, inawezekana?

SWALI: Shikamoo dada. Tunapanga likizo Italia mwakani, mimi, mume wangu, mtoto wa miaka saba na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Mimi nataka kijiji cha zamani kule kwenye Alpi, nyumba za mawe, kengele za ng'ombe, utulivu. Mume wangu kashikilia Cortina d'Ampezzo kwa vile aliiona kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026. Kukodi gari hatutaki, barabara za milimani zinatutisha. Twende wapi na mwezi gani? (Mama Mtoto Mmoja)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Cortina ni pazuri sana, sipingi, ila ni mji wa mahoteli na maduka ya bei kali, sio hicho unachokieleza. Ningekuwa wewe ningeenda Chamois, mkoa wa Valle d'Aosta, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na gari la mgeni halifiki kabisa, mnapanda kwa funivia yaani kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kutoka chini pale Buisson. Buisson mnafika kwa basi kutoka Châtillon, lile linaloelekea Breuil-Cervinia. Angalizo moja, reli ya kwenda Aosta, ndiyo inayopita Châtillon, ilifungwa mwanzoni mwa 2024 kutoka Ivrea kwenda juu ili iwekewe umeme, kwahiyo kabla hamjakata tiketi angalieni kama kipande hicho mnakwenda kwa treni au kwa basi.

Sasa ukifika, tafadhali usikimbilie kupiga picha tu, simama uziangalie zile nyumba. Paa ni vipande vya mawe bapa vimepangwa kama magamba ya samaki, alafu kuna maghala ya mbao wanayaita rascard, yamenyanyuliwa juu ya miguu mifupi na kila mguu umewekewa jiwe la duara kama uyoga, panya akipanda anakwama hapo, nafaka inabaki salama. Mwonyeshe mtoto amtafute panya atapitia wapi, mimi wangu alizunguka ghala moja nusu saa nzima na hakuona njia!

Kuhusu mwezi, nenda mwisho wa Juni au Septemba. Agosti, hasa karibu na tarehe 15 ambayo ni sikukuu yao ya Ferragosto, Waitalia wenyewe wanajaa milimani na vyumba vinapanda bei. Juni ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu, wanarudi chini karibu na tarehe 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, wamevalishwa maua na kengele kubwa. Majani marefu msiyakanyage hata kama njia ya mkato inawaita, hicho ndio chakula cha mifugo cha baridi yote.

Mama usimwogopeshe na milima. Vichochoro vya kijijini vina mwinuko kidogo, ila njia ya kwenda kijiji jirani cha La Magdeleine karibu yote ni tambarare, mnatembea pole pole, mnakaa, mnaendelea. Ila tokeni asubuhi, maana kiangazi radi na mvua zinapenda kuja mchana. Mizigo iwe ya mgongoni, sanduku la magurudumu kwenye mawe ni mateso. Likitokea la kutokea namba ya dharura ni 112.

Chakula: polenta ni unga wa mahindi unaosongwa, wao wanaichanganya na siagi na jibini ya fontina inayotoka kwa ng'ombe wa mkoa huohuo, mtoto hatakataa. Ila jueni maduka ya vijijini yanafungwa mchana, mara ya kwanza mimi nilifika saa nane njaa inaniuma nikakuta kila mlango umefungwa, nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu. Nunueni mkate na jibini asubuhi. Na mkimsalimia mzee njiani, bonjour inakubalika sawa na buongiorno, huko Kifaransa nacho ni lugha rasmi.

Mume wako naye asinune, basi lilelile la Buisson linaendelea mpaka Breuil-Cervinia, mji wa kuteleza kwenye theluji uliopo chini ya mlima Cervino wenye mita 4,478. Mpe siku moja ya huko.