Ukienda kijijini kurekodi wanawake wanaopinga ukatili

Kamera nyingi zinazotoka Dar kwenda vijijini hutafuta machozi. Mama analia, picha inasogezwa usoni, muziki unaingia. Mtazamaji anaondoka akijua kuwa wanawake wa kule wanapigwa, jambo alilokuwa analijua tangu mwanzo. Asilolijua ni namna walivyojipanga. Rekodi hiyo kazi: nani anamsindikiza aliyeumizwa kituoni usiku, nauli ya bodaboda inatoka mfuko gani, nani alithubutu kumbishia mzee wa ukoo anayetaka "wayamalize nyumbani".

Anza hapa hapa mjini. Kwenye semina za Jumatano za TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia ulioko Mabibo, hukosi mtu anayevijua vituo vya taarifa na maarifa vya wilayani, yaani vikundi vya wanajamii vinavyoshirikiana na mtandao huo. Kisha fuata ngazi: kibali cha Bodi ya Filamu, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, kitabu cha wageni. Ukiruka ngazi moja, kazi itasimamishwa siku ya pili na kikundi cha wanawake unaowarekodi ndicho kitakachoulizwa. Kwenye barua usitaje jina la mwanamke yeyote. Barua hupita mikono mingi, na mtuhumiwa huenda ana shemeji ofisini.

Fika siku ya kikao cha VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kamera ikiwa begini. Sanduku lenye kufuli tatu, hisa, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii: mara nyingi fedha ya kumpeleka mtu hospitali hutoka humo, na ndiyo maana kikundi hudumu kuliko kampeni ya siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia inayokwisha Desemba 10. Omba kuona daftari la kesi. Fuatilia kila kesi hatua kwa hatua: imepata RB, namba ya taarifa ya polisi? PF3, fomu ya polisi ya matibabu, imejazwa? Imefika Dawati la Jinsia la polisi? Imefia wapi? Jihadhari na hesabu, kwani mwanamke mmoja aliyekuja mara tatu huandikwa kama kesi tatu. Linganisha na rejista ya ofisi ya kijiji, na tofauti ikijitokeza usiifiche. Hiyo nayo ni habari.

Ridhaa iombwe mara tatu: kabla ya kurekodi, baada ya yeye kujisikiliza, na kabla ya kuonyesha. Fomu ya Kiswahili ni sawa, ila nakala isibaki nyumbani kwake, mumewe akaikuta chini ya godoro. Asiyejua kusoma atamke ridhaa yake kwenye kinasa sauti, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, siyo uliyemchagulia wewe. Mkalimani asiwe wa ukoo wa pale. Mtoto aliyetendewa ukatili asirekodiwe kabisa, hata kama mama yake amekubali.

Kuficha sura ndiko wengi wanakokosea. Wanaweka ukungu usoni, halafu kanga inaonekana na maneno yake yote, na kijiji kizima kinaijua ni ya nani. Sauti inamtaja, mwendo unamtaja, mlango wa bluu nyuma yake unamtaja. Mrekodi mbali na kwake, ajifunge kanga ya kuazima, chukua mikono tu, na maneno yake yasomwe na mwanamke mwingine. Zima huduma ya kuonyesha mahali ulipo (location) kwenye simu kabla ya picha ya kwanza.

Sare za kikundi, ndiyo, zinapendeza. Kundi la Gulabi lililoanza 2006 huko Banda, Uttar Pradesh, India, lilijulikana duniani kwa sari za waridi na fimbo. Lakini ukirekodi sare peke yake umerekodi sherehe.

Kuhusu vifaa: kadi ya gigabaiti 64 kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaa baada ya saa mbili na dakika 50 hivi, basi beba nne, na betri tatu kwa sababu kibanda cha kuchajia simu kwa sola kina foleni. Kitenge kipya hukwaruza kipaza sauti cha kubana nguoni. Kibane kwenye ushungi. Mvua juu ya bati inafuta mahojiano yote. Rekodi dakika nzima ya ukimya wa kila mahali, itakuokoa wakati wa kuhariri. Kila usiku nakili kwenye diski mbili zenye nywila, zisafiri na watu wawili tofauti.

Usilipe ushuhuda. Ukimlipa mmoja, kesho watakuja wenye visa vya kukopa, na wakili wa mtuhumiwa atakuuliza ulilipa kiasi gani. Nauli na chakula vipitie kwa mweka hazina, kiwango sawa kwa wote, na saini kwenye daftari.

Onyesho la kwanza lifanyike kule, kwa wanawake peke yao, kabla ya ukumbi wowote wa Dar. Wakisema kipande kitolewe, kitoe, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko vyote. Usiwatumie video kwa WhatsApp: simu nyingi za nyumbani hushikwa na mume. Nakala ikae kwenye flashi, ndani ya lile sanduku la kufuli tatu.